Mwiko wa Alhamisi

Jumatatu, 4 Juni

Ukungu haujaondoka tangu alfajiri. Nimekaa kwenye kibanda changu cha tumbaku mbele ya lango la shule, ugoro chini ya mdomo, naona kilima chote kinaelea na mimi ndiye nahodha. Bi Raketaka, jirani yangu wa vitumbua, akanishusha. Kasema serikali inamleta mtu Alhamisi kuwauliza wanafunzi nani anavuta, nani anabwia ugoro, na anaupata wapi. "Wapi tena, Babu Ralaivao? Si hapo ulipokalia." Kacheka mpaka kitumbua kikaungua. Anakimezea mate kibanda hiki miaka mingi.

Kweli, watoto huja mmoja mmoja. Husema wametumwa na babu zao. Siulizi babu yupi. Nikihamishwa langoni, nimekwisha.

Jumanne, 5 Juni

Nimewaza. Nimesinzia. Nimewaza tena.

Nimepitisha habari kisimani: marehemu bibi yangu aliniusia kwamba Alhamisi ni mwiko kugusa wala kutaja tumbaku kilimani hapa. Mkaidi mpunga wake utaoza. Kwetu mwiko hauulizwi sababu. Shamba hili haliingii nguruwe, lile halilimwi Jumanne, basi. Kufika jioni watu wananisimulia mimi mwenyewe, na wameongeza mvua ya mawe. Kidogo niogope.

Alhamisi, 7 Juni

Mtafiti ni binti anaitwa Voahangy, mzaliwa wa bonde la pili. Nilimweleza mwiko kwa sauti ya msibani. Hakubisha. Kavua kofia, kaomba radhi, kasema basi atawauliza kesho.

Kesho. Hilo sikuliwaza.

Halafu leo ni gulio la kila wiki, siku yangu kubwa. Hakuna aliyenisogelea. Mteja wangu wa miaka yote kanyoosha kidole kwenye kopo la ugoro, kaziba mdomo, kapotelea ukunguni kama mzimu. Vitumbua vimekwisha kabla ya adhuhuri.

Ijumaa, 8 Juni

Watoto wamejaza karatasi. Nilichungulia dirishani. Voahangy katoka, nikamuuliza kama watoto wamenitaja. Kashangaa. Kasema hawaandiki jina la mtoto, wala la muuzaji, wala la shule. Wanataka tu kujua ni wangapi, nchi nzima. "Ulidhani nimekuja kukukamata wewe, Babu?"

Nikasema hapana, nilikuwa napunga upepo.

Jumamosi, 9 Juni

Wazee wamekuja kunishukuru kwa kuwakumbusha mwiko. Wameuthibitisha: kila Alhamisi, milele, hakuna ugoro gulioni. Na kwa kuwa siku hiyo kibanda changu kitakuwa kitupu, Bi Raketaka apange vitumbua vyake humo. Kanipa kimoja, cha moto. Kaniita mlinzi wa mila.

Jumapili, 10 Juni

Siku nzima nimelala juani, naogelea kwenye mawazo matamu. Nimepata njia. Usiku huu marehemu babu yangu atanitokea ndotoni. Atasema bibi alichanganya: kilicho mwiko Alhamisi ni vitumbua.

Nimeshamwelekeza cha kusema.