Tone Moja Kila Sekunde Arobaini na Saba

Jumatatu, 3 Juni

Ajabu ya asubuhi. Nimeweka kipande cha boksi chini ya gari, nikachuchumaa na saa mkononi. Tone moja la oili kila sekunde arobaini na saba! Halikosei. Nimekuwa fundi saa miaka ishirini na sita, sijaona saa ya ukutani inayoshika muda namna hii.

Gari ni la marehemu baba mkwe, lina miaka hamsini na mbili. Aliniachia mimi, si mwanawe. Shemeji hajanisamehe. Jumamosi unatimia mwaka tangu mzee afariki, na mama mkwe anataka kwenda makaburini kwa gari hilo hilo, akae kiti chake kile kile cha mbele. Shemeji kasema oili itaisha kabla hatujafika kona ya kwanza, bora ampeleke yeye kwa gari lake jipya. Mama mkwe kakata shauri: nikishindwa, funguo zinakwenda kwa shemeji.

Mke wangu ananishauri niite fundi wa magari. Fundi! Injini ni saa iliyonenepa tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshinda chini ya gari. Oili inadondoka kutoka kwenye sampu, lile karai la chuma chini ya injini. Basi inavuja sampu. Hesabu rahisi. Nimekaza bolti zote kwa nguvu zangu zote, nyingine nikasukuma spana kwa miguu. Moja imekatika. Nadhani haikuwa na kazi kubwa.

Saa kumi jioni: tone moja kila sekunde kumi na mbili.

Shemeji amepita, eti kusalimia. Akasimama na viatu vyake vyeupe pembeni mwa doa, akauliza kama nimeacha saa nikaanza kuchimba visima. Nimecheka. Moyoni nilikuwa natokota.

Lakini kwa nini imezidi nilipokaza? Nimemuuliza mke wangu wakati wa kula. Kasema hilo ni swali zuri sana la kumuuliza fundi.

Jumatano, 5 Juni

Akili imefunguka nikipiga mswaki. Poda! Nimeisafisha injini yote, nikaikausha, nikainyunyizia kopo zima la poda ya mke wangu, ile ya harufu ya waridi. Nikawasha. Nikakodoa macho. Dakika nne, injini nyeupe kama keki. Kisha mstari mweusi mwembamba ukaanza kutambaa. Kutoka juu! Kwenye kifuniko cha valvu, juu kabisa! Unateremka ubavuni, unajipinda, unakwenda kudondoka kwenye sampu kana kwamba sampu ndiyo yenye makosa. Jana kutwa nzima nimemwadhibu asiye na hatia.

Sijawahi kufurahia uchafu kiasi hiki. Nimemwita mke wangu aone. Kaja, kaona, kauliza kopo lake liko wapi.

Nimegundua jambo jingine. Ubavuni pana kibomba kinatoa mvuke wa oili. Tundu wazi kabisa, mchana kweupe! Mafundi wa zamani walikuwa wazembe. Nimeliziba kwa kizibo cha chupa na waya.

Alhamisi, 6 Juni

Gasketi ya kifuniko, ule ukanda wa kuziba kati yake na injini, imekauka kama biskuti. Muuza vipuri kaniuliza kama gari hilo bado lina ndugu walio hai. Gasketi hana.

Sawa. Mke wangu ana vikeka sita vya kuwekea sufuria za moto mezani, vya kitu kile kile cha kizibo cha chupa. Alikuwa navyo. Nimekata kwa wembe wangu wa kazini, tundu kwa tundu, nikaunganisha kwa gundi. Gasketi safi ajabu!

Nikawasha. Dakika moja, pakavu. Nikaimba. Kisha ikatoka mbele, ikatoka nyuma, ikatoka pande zote mbili, na kijiti cha kupimia oili kikaruka kikanipiga kidevuni.

Nimeziba mahali pawili, imetoka mahali patano. Inajuaje?

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu kaita fundi bila kuniuliza. Mama mmoja mfupi, wanamwita Mama Spana. Hakugusa kitu. Akazunguka gari, akauliza kwa nini injini inanukia waridi. Kisha akainama.

"Nani kaziba hapa?"

Nikakohoa. "Huenda ni shemeji."

"Shemeji yako anajua kufunga waya kwa fundo dogo hivi?"

Mke wangu akaitazama mikono yangu.

Kumbe injini inapumua! Kibomba ndiyo pua yake. Nimeibana pua, pumzi ikatafuta kila upenyo na kusukuma oili nje. Mama Spana akachomoa kizibo. Injini ikashusha pumzi. Naapa, nimeisikia!

Kisha akaishika gasketi yangu, akaitazama muda mrefu, akauliza nani kaikata. Hapo nilijibu haraka. Akasema haibadilishi, hajaona nzuri kama hiyo. Nilitaka arudie mke wangu asikie. Akabadilisha ile ya sampu niliyoiponda, akaweka bolti mpya, akanielekeza kukaza kidogo kidogo, na kuuliza kabla ya kugusa. Sikuandika. Nilikuwa nimeshaelewa.

Jumamosi, 8 Juni

Tumefika! Shemeji katufuata nyuma na gari lake jipya, eti kuokota vipande.

Mama mkwe hakushuka mara moja. Aliweka kiganja kwenye dashibodi, akaniomba nisizime kwanza. Akasema mumewe alipokuwa anamfuata kazini, alimtambua kwa mlio huu kabla hajakata kona. Nikaangalia dirishani. Kidevu kinauma bado.

Shemeji kalala chini kutafuta tone. Hakuna. Kainuka na doa kubwa la vumbi mgongoni, lakini hakulijali. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, nilijuaje kwamba inatoka juu. Nikamweleza habari ya poda. Akataka nimweleze tena. Tukasimama wawili pale, boneti wazi, hadi mama yake akatuita twende kaburini.

Funguo ni zangu.

Jumapili, 9 Juni

Chakula kwa mama mkwe. Cherehani yake inagonga. Mwenyewe kasema inagonga miaka ishirini na inashona vizuri, tuiache. Mke wangu kasema fundi cherehani anakaa nyumba ya tatu.

Lakini inagonga wapi hasa?

Nimeifungua wanawake walipokwenda bustanini. Shemeji kanishikia tochi. Kugonga kumekwisha kabisa! Sindano nayo haishuki tena, na zimebaki skrubu tatu. Shemeji kazitia mfukoni kabla mama yake hajarudi.