Mguu Mzima Kwenye Kiti cha Magurudumu

Jumatano, 8 Oktoba

Naenda nyumbani! Miaka mitatu ughaibuni nimewatengenezea watu lifti, leo na mimi napaa. Jumamosi saa nane mchana mdogo wangu wa kike anaolewa, na mimi ndiye wa kumshika mkono na kumkabidhi, maana baba yetu hayupo tena. Mama kasema kwenye simu: ukichelewa, atasimama Binamu.

Binamu! Mtoto wa baba mdogo. Karakana moja, tiketi za siku moja, ndege zile zile mbili. Kaja uwanjani amevaa suti kabisa, siku tatu kabla, na anafanya mazoezi ya kukunja mkono. Eti tahadhari tu. Tahadhari ya nini? Mtu huyu ana roho mbaya.

Foleni haina mwisho. Nikaona jambo: wagonjwa wa viti vya magurudumu wanawapita watu wote na hakuna anayeguna. Mguu ukaanza kuniuma hapo hapo. Mhudumu kauliza upi. Nikasema wa kulia.

Baadaye, ndani ya ndege. Wa kwanza kuingia! Nimesukumwa mpaka mlangoni kama waziri. Nimempungia Binamu mkono, yeye yuko nyuma ya watu mia mbili. Raha iliyoje.

Baadaye tena. Kumbe kuingia wa kwanza hakubadilishi kiti. Nimebanwa katikati, safu ya mwisho, ubavuni mwa choo. Kulia kwangu mzee anakoroma. Kushoto mama mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye hajastaafu hata kidogo. Kauliza mguu gani. Nikasema wa kushoto. Kaufunga kwa mtandio wake na vijiko viwili vya plastiki, kaupitisha juu ya mapaja yake mpaka njiani. Toroli la chakula limeugonga mara tatu. Sasa unauma kweli.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bado tuko juu ya Asia. Nimelala, nimeamka, nimekula, nimelala tena, bado Asia. Kwenye kioo kile kindege cha ramani hakisogei. Bara gani hili lisiloisha? Mzee kalilalia bega langu la kulia tangu jana, siwezi hata kugeuka.

Tumetua kubadilisha ndege. Hapo ndipo nilipojua nisichoambiwa. Watu wa magurudumu huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. WA MWISHO! Binamu kapita na kibegi chake, kanipapasa kichwa, kasema pole sana mgonjwa, atawaeleza nyumbani.

Dakika hamsini nasubiri kiti. Nikainuka nijiendee zangu. Wahudumu wawili wakanikalisha: kwenye kompyuta nimeandikwa siwezi kutembea. Nikaruka juu kuwaonyesha kwamba naweza. Nikauangukia mguu ule ule uliogongwa na toroli.

Ndege ya pili imeondoka. Binamu yumo, mimi simo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Chumba cha kusubiria wagonjwa. Nimemwambia dada wa kaunta kwamba nimepona. Kasema hongera, lete barua ya daktari.

Daktari wa uwanja kauliza maumivu yalianza lini. Nikaona yaishe, nikaungama: hakuna maumivu, nilidanganya niruke foleni. Kautazama mguu. Umevimba kama boga. Kasema hapana, wewe ni mgonjwa. Nusu saa tumebishana, mimi nikiapa kuwa ni mwongo, yeye akinitetea. Mwisho kaandika: aruhusiwe kusafiri, kwa kiti cha magurudumu tu.

Nitatua kesho saa sita na nusu. Inawezekana! Yule msichana nilimfunga kamba za viatu mpaka darasa la tatu. Siwezi kumwachia Binamu. Nikiwahi, sidanganyi tena maishani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumetua saa sita na nusu juu ya alama. Nimetoka saa nane kasoro kumi. Wa mwisho, bila shaka. Teksi. Msongamano. Dereva kaniambia nitulie, nikamwambia atulie yeye.

Ukumbini saa tisa na robo. Nikajua nimekwisha. Kumbe! Bibi harusi amekaa kwenye ngazi za mlangoni na gauni lake lote, mikono kifuani. Kagoma. Kawaambia haingii mpaka kaka yake afike, hata iwe Jumatatu. Ndani bwana harusi anatoka jasho, na Binamu kasimama mbele peke yake, mkono umekunjwa. Nimelia pale pale kwenye ngazi. Nakiri.

Tatizo ni kwamba Binamu alishawaambia watu niko hoi, mguu nusura ukatwe. Tulipoingia ukumbi mzima ukasimama. Makofi! Vigelegele! Mama analia, mashangazi wananiita shujaa. Sasa ningefanyaje? Nikachechemea zaidi.

Mdogo wangu kaninong'oneza njia nzima: kaka, nakujua vizuri, tembea kama watu, unanikanyaga gauni. Lakini mkono wangu hakuuachia mpaka mwisho. Sijawahi kuwa na siku kama hii.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama kanilaza kitandani na mito minne. Binamu kaamriwa kunipikia uji na kunikata kucha. Nilikusudia kuungama kabla ya uji. Kisha baada ya uji. Kisha nikaona kucha zimalizike kwanza.

Mchana Mama kaja anatabasamu. Kampigia bosi wangu simu, kamweleza kwamba mwanawe hawezi tena kupanda ngazi wala kushuka kwenye shimo la lifti. Bosi kasikitika mno. Nafasi yangu kampa Binamu. Na cheo juu!

Nimekaa nikafikiri. Nina mpango. Kesho nitapona ghafla, mbele ya ukoo mzima, Mama apige simu tena mwenyewe. Ila kupona kwa ghafla hakupendezi kama mtu hakuwa mahututi. Kwa hiyo leo hali yangu inazidi kuwa mbaya. Nimeanza na mkono wa kulia. Ndiyo maana mwandiko huu umepinda: naandika kwa wa kushoto.