Kokoto Ndani ya Kiatu

Jumatatu, 24 Septemba 1973. Karambi.

Nimekwisha! Leo Afande Ocen, sajini mpya wa kituo cha Bwera, ametuita barazani. Kasema kuna mtu anavusha kahawa ya magendo kwenda Kongo. Mtu huyo ameacha alama kwenye tope kando ya mto Lhubiriha, hapa mpakani: mguu mmoja umekanyaga, mwingine umeburutwa. Alama imefunikwa kwa karai, na askari analinda karai. Jumamosi asubuhi wanaume wote watu wazima watatembea mbele yake, mmoja mmoja, juu ya mchanga uliomwagiwa maji. Atakayeburuta mguu atapanda lori.

Waliopanda lori lile mwezi uliopita hawajarudi.

Mtu mwenyewe ni mimi. Gunia moja tu, jamani! Nilirudi na sabuni na chumvi, maana madukani hakuna. Mke wangu Biira anafulia sabuni hiyo mpaka leo. Nimemwambia azike kipande kilichobaki. Kasema atazika akimaliza kufua.

Goti langu la kulia liliangukiwa na jiwe mgodini. Tangu siku ile mguu unanifuata nyuma ukichora mstari. Kijijini tunaoburuta ni wawili: mimi, na jirani yangu Kosmasi mwenye nyonga mbovu. Mungu anisamehe, nimeomba wamchukue Kosmasi.

Jumanne, 25 Septemba

Sikulala. Asubuhi nimepata akili. Dawa si kukimbia, dawa ni kubadilisha mwendo!

Nimekwenda kwa Vasta, aliyekuwa akifundisha wagonjwa wa mifupa kutembea huko hospitalini. Nikamkuta Kosmasi amekwisha fika, mjanja yule. Kumbe naye anaogopa lori. Vasta katuonyesha: kunja goti, inua, tanguliza kisigino, kisha vidole. Halafu kaongeza onyo. Tufanye mazoezi wakati maumivu yametulia tu, yakianza tukae. Kasema kwa umri wetu mguu ukifundishwa huku unauma utaiga vizuri siku ileile, lakini ukilala utasahau.

Nimecheka moyoni. Mimi nilifunzwa gwaride kwa fimbo, na gwaride nililijua! Maumivu ndiyo mwalimu.

Nyumbani nimetia kokoto ndani ya buti la kulia, mbele, chini ya vidole. Nikiburuta, linaniuma. Nikitanguliza kisigino, linatulia. Nimezunguka migomba mpaka machozi yakanitoka. Jioni nilikuwa nanyanyua goti vizuri kabisa. Biira kaja mlangoni kutazama. Kauliza kama nimeokoka.

Kosmasi alitembea kidogo uani kwake, akakaa, akanywa chai. Mvivu. Atapanda lori huyo.

Jumatano, 26 Septemba

Mguu umesahau! Nimeamka, nimeshuka kitandani, mstari ule ule sakafuni. Nimeukemea kwa jina la Yesu. Haukusikia.

Nimevaa kokoto tena. Imebidi nianze mwanzo kabisa, na vidole vimevimba. Jioni mwendo umerudi, mzuri kuliko wa jana. Lakini nimeogopa kulala. Nimekaa kitandani nimevaa buti. Biira kasema atakayelala na viatu atalala na mbuzi.

Alhamisi, 27 Septemba

Asubuhi mguu umesahau tena. Nimechagua kokoto kubwa zaidi, lenye ncha.

Jioni, balaa! Askari kapita njiani, kabisha hodi, kaomba maji. Nilikuwa nimekaa namenya mihogo. Nikasema moyoni, Yosamu, usinyanyuke. Nimemenya mihogo yote. Nikaanza kumenya ya kesho. Askari hana haraka, anasifu ua wetu, anasifu nguo nyeupe zilizoanikwa, anauliza tunatumia sabuni gani. Kisu kikaniponyoka. Biira kasema tunatumia majivu ya maganda ya ndizi. Mke huyu!

Halafu mke huyohuyo akaniuliza mbele ya mgeni kwa nini simsindikizi. Kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake mpaka njiani, hata awe na bunduki. Nilitamani ardhi inimeze. Nikanyanyuka. Kokoto likauma. Nikainua goti, kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Mpaka njiani! Askari kanipigia saluti, kasema mzee unatembea kama kijana.

Nimerudi nikavua buti nyuma ya jiko, vidole vimechubuka. Lakini nimeshinda! Jumamosi nitakwenda na kokoto langu mguuni. Mguu ukitaka kusahau usahau, kokoto litakumbuka.

Ijumaa, 28 Septemba

Nimepita kwa Kosmasi kumtazama. Anatembea vizuri. Asubuhi! Bila kokoto! Kasema kila siku anafanya kidogo, na kila asubuhi anakuta jana bado iko mguuni. Imeniuma kuliko goti. Nimempa kokoto moja kwa upendo, nikamwambia lina nguvu. Kakataa. Kasema Vasta amemkataza.

Nimeota lori.

Jumamosi, 29 Septemba

Leo herufi zinaruka.

Tulipangwa kando ya mto. Mchanga umemwagiwa maji, lori linanguruma. Afande Ocen kaamuru karai lifunuliwe. Askari kafunua. Mchwa! Wiki nzima wamejenga humo ndani, udongo umejaa, alama hakuna. Afande kamtazama askari, askari kajitazama viatu.

Nilitaka kucheka. Afande kageuka, macho mekundu. Kasema haidhuru, atamjua mwizi kwa mwendo wake. "Vua viatu! Wote!"

Viatu! Sikufikiria viatu. Nani angefikiria viatu?

Nimevua. Kokoto likaanguka, likabingirika mpaka mbele ya buti la Afande. Kosmasi alikuwa amekwisha kupita mchangani, safi kama padri. Nikaitwa. Hatua ya kwanza, mstari. Hatua ya pili, mstari. Goti linawaka na mguu haukumbuki hata kidogo.

Afande kaokota kokoto. Kauliza mzee anayeburuta mguu anafanya nini na jiwe ndani ya kiatu. Nilisikia mkojo unakuja. Mdomo ukasema wenyewe: "Afande, najifunza kutembea kama askari wako. Najiandaa kwa Siku ya Uhuru."

Kaligeuza kokoto kiganjani. Kisha kacheka! Kanipiga bega, nusura nianguke. Kawaambia wote waone mzee anayeipenda nchi yake. Kasema tarehe tisa Oktoba asubuhi mimi ndiye nitakayetangulia gwaride mbele ya bendera, peku, watu wote waone mguu wa mzalendo. Halafu kanisogelea sikioni. Kasema nikiburuta siku ile, atajua nilikuwa nadanganya, na lori lina nafasi.

Jumapili, 30 Septemba

Goti limejaa maji. Vasta kaja, kafinya, katikisa kichwa. Kasema muda upo bado, nipumzike kwanza, kisha nijifunze polepole bila maumivu. Kosmasi naye kaja, kasema tufanye pamoja uani kwake jioni, chai ipo. Anataka kunicheka tu! Nimesema asante, nina shughuli.

Nimekaa nikatafuta kosa langu liko wapi. Nimeliona. Kokoto lilikuwa dogo. Mguu haukuumia vya kutosha kukumbuka.

Kwa hiyo nimejikongoja mpaka Lhubiriha kuchagua jingine. Biira alianza kunisomea orodha ya makosa yangu, nikaondoka kabla hajamaliza. Mvua imenyesha, tope laini kabisa. Nimepata kokoto zuri, ukubwa wa yai la bata. Nikavuka ng'ambo mara moja, maana sabuni imekwisha, nikarudi kwa njia ileile.

Hakuna aliyeniona.