Kitabu Changu cha Simu

Jumatano, 5 Novemba
Nimenunua kitabu cha ufafanuzi wa Danieli, nasoma kwenye simu. Changu kabisa. Jumapili kamati ya kanisa letu hapa Marani inachagua mwalimu wa Shule ya Sabato. Mpinzani wangu ni Mzee Mokua, mwenye kitabu hicho hicho cha karatasi, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Maskini.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimewapa wanakamati wote neno langu la siri la kufungulia kitabu, wasome bure. Mke wangu Joyline akauliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia mali ni yangu, hata nikimpa ng'ombe asome ni juu yangu. Drusilla, mwenyekiti wa kamati, ameniita mtu wa moyo mkubwa. Nikajifanya kuona haya.

Jumamosi, 8 Novemba. Sabato
Aibu! Niliombwa nifundishe. Nikasimama, nikafungua simu. Kitabu hakipo. Pana ujumbe tu: akaunti imetumika kwenye simu nyingi mno, imefungwa, na nilichonunua ni ruhusa ya kusoma, si kitabu. Nikaendelea kusoma mambo yasiyokuwepo. Nikamtupa Danieli kwenye tanuru la moto badala ya tundu la simba. Drusilla akauliza huo ni ukurasa gani. Kanisa zima likashikwa na kikohozi. Mokua akaja polepole, akaniwekea kitabu chake mkononi, kimefunguliwa pale pale penye somo. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 9 Novemba
Mokua amechaguliwa. Jioni akaja nyumbani na kitabu. Akasema macho yake hayaoni tena maandishi madogo, atafundisha kwa kichwa, nikichukue kiwe changu. Nikakipokea bila kumtazama usoni.

Jumatano, 12 Novemba
Nimeelewa sasa. Kitabu cha karatasi ni chako kweli, unaweza hata kukiuza. Basi nimekiuza kwa mpita njia sokoni Nyakoe, nikaongezea kidogo, nikanunua tena kile cha simu.

Jioni Mokua akapiga simu. Anaomba Sabato nisimame naye, nisome maneno ambayo marehemu mkewe aliandika pembeni mwa kurasa za kitabu kile. Hajayasikia tangu macho yaharibike. Nikamjibu hakuna shida. Nimekaa jikoni tangu hapo.

Nimewatumia wanadarasa wote neno langu jipya la siri. Kila mtu akiinamia simu yake, hakuna atakayeona nimekuja mikono mitupu.