Nilivyotaka Kuzaliwa Ibaba

Jumatatu, 4 Julai 2011
Barua imefika! Chuo cha Iringa kimenikubali, mimi Anania, kusomea ugavi. Mama kaisoma mara mbili, kaikunja, kauliza ada atalipa nani. Swali la watu wasio na maono. Jibu ninalo: wenyeji wa Ibaba, kule milimani, waishio Dar humsomesha kijana mmoja kila mwaka. Sharti, awe mzaliwa wa Ibaba. Mimi nimezaliwa mji mdogo wa Mpemba, kando ya barabara kuu. Kasoro ndogo.

Jumanne, 5 Julai
Jirani yetu Atupele ni Mndali wa Ibaba hasa. Nimemwomba anifundishe Kindali, eti napenda utamaduni. Kacheka. Kakubali, mradi nimchotee maji. Ndoo sita, salamu moja. Nimeirudia mpaka Mama kauliza kama nina kikohozi.

Alhamisi, 7 Julai
Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi ndoo nane. Mama alitaka kunieleza habari za chama chao cha wanawake wa sokoni. Nikamsihi asinivuruge, nakariri majina ya vilima.

Jumatatu, 11 Julai
Usaili wa ufadhili wa Ibaba, mjini Itumba. Nilivaa shati la mikono mifupi, wajue mtoto wa milimani haogopi baridi. Benchini nikamkuta nani? Atupele! Kavaa sweta, bahasha mkononi. Naye ameomba! Mbona hakuniambia? Kasema sikumwuliza.

Mwenyekiti ni Bibi Ketrina, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia kwa Kindali. Akajibu kwa maneno kama ishirini hivi. Nikarudia salamu. Akauliza kitu. Nikasalimia mara ya tatu, kwa sauti zaidi, meno yakigongana. Akauliza kwa Kiswahili kama nina malaria.

Kisha akavua mtandio wake akanifunika mabega. "Mwanangu, kwenu hasa ni wapi?"

Sijui nilipatwa na nini. Nikasema kweli. Mpemba. Baba hayupo tena. Mama anauza mchele mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nikasema nataka kusoma kiasi cha kujaribu kuzaliwa upya. Kamati ikaangua kicheko. Bibi Ketrina hakucheka. Akasema wanawake wafanyabiashara wa mpakani wana mfuko wa kusomesha watoto wa wanachama wao, na maombi yanafungwa Ijumaa. Niandike kurasa mbili kuhusu kazi ya mama yangu.

Jumanne, 12 Julai
Mama kasema ndilo jambo alilokuwa akinieleza. Tena mara tatu. Nikaketi kuandika. "Mama yangu anauza mchele." Nikatafuta sentensi ya pili hadi chai ikapoa.

Jumatano, 13 Julai
Nimemfuata Mama Nakonde, nimebeba gunia. Nilipumzika mara nne, yeye hata mara moja. Kule anamwita kila mtu kwa jina. Muli shani huku, muli shani kule, Kibemba kinamtoka kama maji. Mteja mmoja akadai mchele una mawe. Mama hakubishana. Alichota konzi, akautia mdomoni, akautafuna mkavu mbele yake, taratibu, mpaka ukaisha. Mteja akanunua debe zima.

Miaka ishirini na mmoja nakula mchele ule, sikuwahi kuuliza unapatikanaje. Jioni nimeandika kurasa tano. Nimezipunguza zikawa mbili, macho yakinitoka machozi. Vumbi la malori.

Ijumaa, 15 Julai
Nimepeleka. Mama aliomba nimsomee kwanza. Aliposikia habari ya yule mteja akasema kweli kulikuwa na jiwe moja. Alilimeza.

Jumatatu, 25 Julai
NIMEPATA! Ada yote ya mwaka wa kwanza! Mama kapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Atupele kapata ule ufadhili wa Ibaba. Nimempongeza kwa moyo karibu wote.

Jumanne, 26 Julai
Asubuhi nimeapa mbele ya Mama: kuanzia leo ni kweli tupu. Mchana Ngassa, Msukuma mleta maziwa kutoka Momba, kataja wafadhili wanaolipia chakula na malazi ya wanachuo. Watoto wa wafugaji tu. Nikamwuliza Wasukuma huamkianaje. Nimeazima fimbo yake, nimejitazama kwenye kioo: mfugaji kamili! Kesho alfajiri nakwenda kukamua kwa mara ya kwanza. Ngassa ananionya kwamba ng'ombe wake hurusha mateke kwa wageni. Hawajaniona mimi.