Kitabu cha Miamba, Nusu ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya sita tangu nibandike orodha mlangoni mwa kibanda cha wapandaji: VITABU VYA KUSOMA KABLA YA KUUPANDA MLIMA. Miamba, mimea, ndege, mawingu. Vitabu tisa, vyote viko rafuni. Walioazima: sifuri. Wanasema njia ni ya siku kumi na moja, nani abebe matofali? Anayewajaza maneno namjua. Shemeji, kaka wa mke wangu, kiongozi wao njiani. Eti mlima hausomwi, unapandwa. Hata kidato cha pili hakufika!

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Kitabu cha miamba nimekipima kwa mizani ya jikoni: gramu 820. Nimekikata kwa kisu cha mkate, ukurasa wa 206, katikati kabisa. Sasa gramu 410! Mke wangu kauliza nusu ya pili ni ya nani. Nimemjibu: atakayerudi salama aje aimalizie.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi. Wapandaji wawili, mume na mke, wamechukua nusu ya kwanza. Walimuuliza shemeji kwa nini jabali la juu lina mistari. Akajibu ndivyo lilivyozaliwa. Nikawaeleza habari za tope la kale lililogandamizwa. Shemeji akaninong'oneza kwamba ipo siku nitaua mtu kwa makaratasi yangu. Wivu tu. Wakaondoka. Mvua ikaanza.

Jumamosi, 8 Machi
Wamemshusha shemeji kwa machela. Alitaka walizunguke lile jabali, kama baba yake alivyolizunguka kila mvua ikinyesha. Wale wawili wakamfunulia mstari wa mwisho wa nusu yao: "Mwamba huu hubeba uzito wowote,". Mume akamuuliza anaogopa nini. Shemeji akatangulia.
Nimefungua nusu ya pili. Ukurasa wa 207, mstari wa kwanza: "ila ukilowa, hukatika kama biskuti."
Mke wangu yuko jikoni. Kisu cha mkate amekiosha mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi
Hospitali. Mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Nimempelekea nusu ya pili. Ahadi ni deni. Amenirushia usoni. Mkono bado una nguvu, dalili njema.
Nimefikiri kwa utaratibu. Kosa ni langu, nakiri: nusu nzima ilibaki rafuni bila mbebaji. Kwa hiyo kitabu cha mawingu nimekikata vipande vinne, gramu 160 kila kimoja. Manyoya!
Kundi la kesho ni watu watatu. Kipande cha nne, kile cha radi, watakisoma wakirudi.