Ulinganisho wa Mwenyekiti na Kupe

Redio ilikwaruza gizani, krrr, juu ya kabati la vyombo, nami bado namtafutia binti yangu Nabifo soksi ya pili. Kisha ikatoka sauti ya Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Yekosofati:

"Wananchi wa Jinja! Leo nazindua Kamati ya Udhibiti wa Majina ya Wanyama Yanayobandikwa Binadamu!"

Nilifurahi hadi nikamvisha mtoto kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Mimi ndiye karani wa Kamati. Nilijua masomo yangu ya jioni ya ukarani hayakwenda bure.

Haja ilikuwa kubwa. Bwana Shashikant wa duka la vitambaa alimwita mkwewe Rajiv bundi. Kwa lugha yao, bundi ni mjinga. Rajiv, ambaye amesomea Uingereza, ambako bundi ni mwenye hekima, akashukuru kwa kuitwa msomi. Mama wa chapati akasikia bundi, akajua kuna msiba, akazima jiko akakimbia. Mtaa mzima ulilala bila chapati. Kamati ikasafiri hadi Mbale kwa ziara ya mafunzo, ikathibitisha kwamba huko nako watu huitana mbuzi, ikala chakula cha mchana, ikarudi.

Tukatunga Kanuni. Aliyetajwa akifanana na mnyama, hilo ni tusi, maana ukweli unauma. Mali ya msemaji itataifishwa. Ikionekana tofauti hata moja, ni utani tu, aende zake nyumbani. Mnyama mwenyewe aletwe kwa ulinganisho.

Shauri la kwanza lilikuwa la Zulaika, muuza maziwa wa Wanyange. Kila asubuhi Mwenyekiti huchukua jagi moja la maziwa yake kwa ajili ya kupima ubora. Siku moja Zulaika alichoka, akasema mbele za watu, "Kupe huyu!"

Alikuja kwenye ua wa Kamati na ng'ombe wake wa pekee, kwa kuwa kupe alikuwa sikioni mwa ng'ombe. Nabifo naye alikuwepo. Chekechea ilifungwa ili walimu wahudhurie shauri.

Mwenyekiti alimtazama ng'ombe. Akamtazama tena.

"Yaani nikifanana na kupe, huyu anataifishwa?"

"Ndivyo Kanuni inavyosema, mzee."

"Basi andika, Mama Nabifo. Nafanana."

Zulaika akapiga magoti. "Hapana, Mheshimiwa! Nilikuwa nimekasirika tu. Huyu ng'ombe ndiye chai ya wanangu, ndiye karo yao. Wewe si kupe, bwana! Wewe mtu mzuri!"

"Usinivunjie heshima," alisema Mwenyekiti. "Hili tumbo unalionaje?"

"La kawaida tu, mzee."

"Limevimba! Na hakuna hata tonge moja nililolilipia. Andika."

Mjumbe wetu Margret, ambaye ni mwangalifu, aliinua mkono. "Lakini Mheshimiwa, kupe hunyonya bila kuaga."

"Na mimi nimewahi kumpa mtu risiti?"

Margret akakubali kwamba hapo pana hoja.

"Kupe ana miguu minane," Zulaika alijaribu.

"Hesabu na ya dereva wangu, na ya walinzi wangu wawili. Wote tunakula pamoja."

"Kaza, Mwenyekiti, umekaribia!" alipiga kelele kijana wa bodaboda kutoka getini. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naandika, kwa kuwa sijawahi kuona kiongozi akijieleza kwa uwazi kiasi hicho.

Mwenyekiti akashika kamba ya ng'ombe kwa mikono yote miwili. "Nauliza kwa mara ya mwisho. Kuna tofauti? Hata moja?"

Zulaika aliweka shavu lake kwenye shingo ya ng'ombe. Kalamu yangu ilikuwa nzito.

Nabifo alikuwa amechuchumaa chini ya sikio la ng'ombe. Kupe, mnene kama mbegu ya mbono, alidondoka mavumbini akaanza kwenda zake polepole. Mtoto akamtazama kupe, akaitazama ile kamba, akasimama.

"Mama, kupe ameshiba akaachia, mzee bado ameshika."